Jozi Moja ya Namba Thelathini na Tisa

Nimestaafu. Najua neno hilo ni la watu wenye mvi, na Mama aliponisikia nikilitamka alicheka mpaka akauweka mwiko chini. Lakini sioni neno jengine. Nina miaka kumi na tisa, nimeichezea Zumari misimu minne, na daktari kashaniambia nisikimbie tena juu ya saruji. Mtu aliyefanya kazi mpaka akaambiwa basi, huyo kastaafu.

Mwalimu Makame, kocha wetu, alitaka nisimame mbele yenu nyinyi wasichana wapya niseme maneno mawili matatu ya kuagana. Mimi, nisimame, niseme! Nikamwambia ntaandika. Akanitazama kama mtu aliyeagiza samaki akaletewa picha ya samaki.

"Haya, andika," akasema. "Lakini andika kweli."

Basi haya ni ya kweli, na nayaandika nyuma ya daftari la Kemia, kwenye kurasa zilizobaki baada ya mtihani wa kidato cha sita.

Zumari, kwa aliyeingia juzi na bado hajaelewa kaingia wapi, ni timu ya mpira wa kikapu ya wanawake wa Jang'ombe. Tuna ligi, tuna jezi, tuna mfadhili mwenye hoteli kule Nungwi, na bado kila mtu ana kazi yake nyengine. Da Biubwa, nahodha, ni mshonaji. Time, yule mwenye mdomo, anakanda unga bekari tangu alfajiri. Mwalimu mwenyewe ni fundi umeme. Mimi nilikuwa mwanafunzi. Kwa hiyo mkituona mazoezini saa kumi na nusu, msidhani ndo kwanza siku yetu inaanza. Tunakuja tushachoka, kisha tunachoka tena. Habari za posho nazipita. Hazina hadithi.

Mwalimu alinipata skuli, nikiwa kidato cha pili. Alikuja kubadilisha taa ya maabara, na ngazi aliyopewa ilikuwa imekatika vipandio viwili. Mwalimu wa Kemia akaniita nisaidie. Nikapanda juu ya meza, nikanyoosha mkono, nikaichomoa taa, nikampa. Hakuitazama taa.

"Unacheza nini, mwanangu?"

"Sichezi."

"Hata mbio?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi kesho baada ya alasiri utacheza," akasema, akanielekeza kiwanja.

Nilikwenda kwa sababu sikujua namna ya kumwambia mtu mzima kwamba siji. Nakwambieni hivi mjue: sikuingia kwa kipaji. Niliingia kwa aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyonitoa.

Kiwanja chetu cha mazoezi mmekiona. Saruji iliyopasuka, nguzo moja imeinama, na upande mmoja ukuta wa nyumba ya Bi Mgeni. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha, na wachezaji wote walikuwa wamechutama wanafyonza maji kwa vipande vya godoro bovu, wanakamua ndani ya ndoo, wanafyonza tena. Nilidhani nimekosea, nimefika kwenye ujenzi. Nikampa shikamoo kila mtu mmoja mmoja, mpaka nikafika kwa msichana mmoja mfupi mwenye mabega.

"Shikamoo ya nini?" akaniuliza. "Mie na weye si tumezaliwa mwaka mmoja? Au ndo unanambia uso wangu ushachoka?"

Huyo ndiye Time. Nikapewa kipande cha godoro. Wiki mbili za mwanzo sikugusa mpira, niligusa maji. Msilalamike mkifanyishwa hivo. Atakayeteleza ni wewe mwenyewe.

Siku nilipomaliza kufyonza kona yangu, mwanamke mmoja mrefu, mkavu, mwenye utepe wa kupimia nguo shingoni, akaja akasimama mbele yangu.

"Vua kiatu."

Nikavua. Akauinua mguu wangu kama fundi anayeinua kitambaa kutazama upande wa nyuma.

"Namba ngapi?"

"Thelathini na tisa."

Wote wakaguna, "Aaa!" Time akapiga kofi. Yule mwanamke akautua mguu wangu taratibu.

"Basi weye ni wangu," akasema Da Biubwa.

Sikuelewa mpaka siku ya mechi. Kiwanja cha mechi kimepakwa rangi, na raba za kawaida zinateleza juu yake kama uko kwenye sahani ya mafuta. Msimu mmoja kabla sijaja, msichana wa timu yetu aliteleza akavunjika mkono, na Mwalimu akaapa kwamba hatoingia mtu pale bila viatu vya kikapu vyenye soli ya kushika. Akaenda Darajani kwenye mitumba, akachambua siku tatu, akapata jozi tano. Jozi tano, wachezaji watano, hesabu yake ikatimia. Wa akiba ndio aliowasahau.

Kwa hiyo mabadiliko ya Zumari yalikwenda kwa namba za miguu. Aliyevaa thelathini na nane hupokewa na mwenye thelathini na nane, hata kama mmoja anafunga na mwengine anazuia. Anayetoka anakaa benchi, anavua. Anayeingia anavaa, vikiwa bado vina moto na jasho la mwenzake. Mfadhili alipoambiwa shida yetu alituletea mfuko mzima wa viatu vilivyoachwa na wageni wa hoteli. Vyote vya wanaume, namba arubaini na nne. Mnavipita kila siku mnapofanya mazoezi ya kupiga chenga. Ndivyo vile vilivyopangwa mstari.

Mguu wa thelathini na tisa tulikuwa nao wawili tu, mimi na Da Biubwa. Na nafasi yetu ilikuwa moja, kwa hiyo hata mazoezini Mwalimu alituweka pande mbili tofauti, nimkabe, anikabe. Alinifundisha kazi yote ninayoijua, na katika misimu minne hatukuwahi kusimama upande mmoja. Mmoja akiwa kiwanjani, mwengine yuko pekupeku benchi.

Alinifundisha kuvaa soksi mbili, ya ndani nyembamba na igeuzwe mshono uwe nje. Alinifundisha kujaza magazeti ndani ya viatu baada ya mechi na kuvianika kivulini, maana jua linapasua gundi. Mitandio yetu ya mechi aliishona mwenyewe, yenye lastiki nyuma ya masikio, kwa kuwa mwamuzi hataki pini. Alinifundisha kuusikia mpira kwa vidole bila kuutazama. Na kila siku, mpaka nikamchukia, alinifundisha kusema.

"Sema, Kazija! Kiwanjani hapana siri!"

Mwenye kujua kikapu anaelewa. Mwenzako anamkaba mtu, macho yake yako mbele, na mpinzani mwengine anakuja kusimama ubavuni mwake kama nguzo, ili ajigonge na mtu wake akimbie. Sisi tunaita skrini. Yeye haioni. Wewe uliye nyuma unaiona. Kazi yako ni kupiga ukelele: kushoto! Kulia! Ni neno moja tu. Mimi neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki changu.

Da Biubwa akabuni dawa. Mpira ukirukia kwa Bi Mgeni, mimi ndo natumwa. Nilikuwa nafika mlangoni, nabisha hodi, nasimama. Nasimama tena. Siku moja mlango ukafunguka, Bi Mgeni akanikuta pale na ndoo yake ya maji machafu mkononi, nusura animwagie.

"Weye! Tangu saa ngapi uko hapa?"

"Nimebisha hodi, Bi Mgeni."

"Hodi gani hiyo? Unabisha au unapumua?"

Wenzangu walikuwa ukutani wanasikiliza. Kicheko chao nakisikia mpaka leo.

Mechi yangu ya kwanza niliingia robo ya tatu. Mwalimu akaomba mapumziko mafupi, kwa sababu bila mapumziko viatu haviwahi kubadilishwa. Da Biubwa akavua, mimi nikavaa cha kulia, kamba zikanishinda. Kipenga kikalia. Wenzangu wanne wakaingia kiwanjani wakidhani niko nyuma yao, mwamuzi hakuhesabu, mchezo ukaanza. Nilitakiwa niseme neno moja, "Bado!" Sikusema. Nikainama nikafunga kamba, kimya, watu wanne wanacheza na watano, tukafungwa mara mbili mfululizo mpaka Time alipogeuka akaniona benchi na kiatu kimoja.

"Huyu mtoto!" akapiga kelele. "Kafa au yu hai?"

Da Biubwa hakunigombeza. Alikaa karibu yangu soksi zikiwa zimeloa, akasema kwa sauti ya chini: "Siku moja kimya chako kitakuja kumuumiza mtu." Nilidhani anamkusudia Time.

Msimu wa pili na wa tatu sina mengi. Nilizoea. Nilikuwa naingia dakika sita, nane, Da Biubwa anapumua, kisha nampa viatu vyake. Nilijua kujaza upepo kwa pampu, kulamba sindano kabla ya kuichomeka kwenye mpira, kuutundika wavu. Wavu wetu wa zamani ulisukwa na mume wa Da Biubwa kwa uzi wa nyavu za kuvulia, imara mno, mpira ukiingia hautoki. Tulikuwa tunafunga, kisha tunatafuta fagio la kuusukumia. Hizo ndizo furaha za kazi, zihesabuni mapema.

Jambo kubwa lilikuwa safari. Bingwa wa ligi huvuka kwenda Bara kwenye mashindano ya vilabu. Zumari haikuwahi kuvuka. Mara tulishika nafasi ya pili, mara ya tatu, kisha ya pili tena. Da Biubwa alikuwa na miaka thelathini na sita na alikuwa kashamuahidi mumewe kwamba msimu huu wa nne wangu ndio wa mwisho wake. Alishona mitandio kumi na miwili ya zambarau kwa ajili ya safari hiyo, yenye herufi ya Zumari pembeni, akaiweka ndani ya sanduku chini ya cherehani. Ilikaa humo misimu mitatu pamoja na karafuu za kufukuza mende. Time akipita dukani kwake huuliza, "Maiti hawajambo?" Da Biubwa humrushia kidonge cha uzi.

Sasa goti.

Lilianza miezi miwili kabla ya Ramadhani, la kushoto. Mwanzo lilikuwa linauma nikishuka ngazi. Kisha likawa linalia, kriii, nikisimama baada ya kusujudu. Kisha likawa linakwama: nalikunja, halikunjuki, mpaka nilitikise kama mlango wa kabati. Ningemwambia nani? Mwalimu angenipumzisha, na akinipumzisha, hapana mguu mwengine wa thelathini na tisa. Da Biubwa angecheza robo zote nne peke yake, msimu wake wa mwisho, na safari ile chini ya cherehani inasubiri. Nikajiambia nanyamaza kwa ajili yake. Ilikuwa rahisi. Kunyamaza nilikuwa nshakujua.

Nilichukua chupa ya mafuta ya karafuu ya Mama nikawa najikanda mwenyewe chooni. Siku ya pili tu mazoezini Time akasimama katikati ya kiwanja, akanusa.

"Jamani, leo nani kapika pilau hajatukaribisha?"

Nikaacha karafuu. Nikachana ukanda wa khanga kuukuu, nikawa nalifunga goti kwa nguvu chini ya taiti. Kwenye kukimbia nilijifunza kuutupa uzito wote mguu wa kulia. Ukitazama kwa mbali huoni kitu. Nilikuwa naona fahari hata, kwamba najua kuficha. Naandika hayo nikiona aibu.

Mechi ya mwisho ya ligi ilikuwa ndiyo ya kuamua. Tukishinda, tunavuka. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Da Biubwa alicheza siku ile kama aliyekwishafunga mizigo. Mimi niliingia mara moja, robo ya pili, dakika nne, nikatoka nikiwa nimeuma ulimi.

Zimebaki sekunde kama kumi, tunaongoza kwa pointi moja, mpira wao. Da Biubwa akaruka kuzuia, akashuka, akashika nyuma ya mguu. Msuli umemkaza. Mwalimu akaomba mapumziko yetu ya mwisho. Wakambeba mpaka benchi. Akaanza kufungua kamba hata kabla hajakaa sawa, meno kayabana. Mimi nikawa navua ndala.

Mwalimu akachutama mbele yangu. Alikuwa mtulivu, nakumbuka hata harufu ya tambuu yake.

"Kazija. Uko sawa?"

Niliulizwa. Haya ndiyo ninayotaka myasome mara mbili. Niliulizwa, uso kwa uso, na mtu aliyetaka jibu. Mwalimu angevunja kiapo chake, mwenye raba ya kawaida angeingia akasimama tu, hata kwa kuteleza, ikawa afadhali. Da Biubwa alikuwa ananitazama, viatu viko mkononi mwake.

"Niko sawa," nikasema.

Akanipa viatu. Mara hii kamba sikukosea.

Wakarusha mpira. Namba tisa wao akauchukua, Time akamkaba, macho mbele. Mimi niko nyuma, na nikamuona mrefu wao anakuja taratibu kusimama kushoto kwa Time. Niliona kila kitu mapema, kama mtu anayetazama kikombe kinachoelekea ukingo wa meza. Nikataka kupiga hatua nizibe. Goti likakwama. Hatua haikuja. Basi palibaki neno. Goti lilikuwa bovu lakini koo lilikuwa zima, na koo halikufanya kazi pia. Time akajigonga, akaanguka. Namba tisa akapita, akafunga. Kengele ikalia mpira ukiwa bado unadunda chini ya wavu.

Nilishindwa kutembea. Time alikuja kunichukua, analia, hajui kama nimeumia, anadhani na mimi nalia tu. Da Biubwa alinivua viatu mwenyewe. Alipofika cha kushoto mikono yake ikasita, akakishika kwa muda, kisha akavitia vyote ndani ya mfuko. Mwalimu akaliona lile goti lilivyovimba juu ya ukanda wa khanga, akauliza, "Hii ya leo?" Nikatikisa kichwa. Akakaa kwenye saruji na nguo zake nyeupe.

Daktari alinionesha picha. Gegedu iliyo ndani ya goti imechanika na kulika.

"Ungenijia mwanzo ningekwambia pumzika," akasema. "Leo nakwambia acha."

Tulipofika nyumbani Mama akasema, "Nilidhani mafuta yangu yanaliwa na panya."

Baada ya wiki nikaenda dukani kwa Da Biubwa kuomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa, nimeandika maneno kwenye karatasi. Alikuwa anashona sare za skuli, hakusimamisha cherehani.

"Karibu. Kaa pale, nyoosha mguu."

Nikasoma karatasi yangu. Kwamba nilimdanganya Mwalimu, nimemkosesha safari, nimemuangusha Time. Cherehani ikasimama. Akainama, akautoa mfuko wa viatu, akazichomoa soli za ndani akaziweka juu ya meza, mbili, ubavu kwa ubavu.

"Tazama."

Ya kulia ilikuwa imebonyea, imekuwa nyembamba kama chapati ya jana. Ya kushoto ilikuwa bado imetuna kuliko ile, hata maandishi yake yanaonekana kwa mbali.

"Mguu wangu mie unakanyaga sawa," akasema. "Hii ni kazi yako weye. Kila ukinipa viatu, cha kulia kimeloa chapa, cha kushoto kikavu."

"Tangu lini umejua?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Nikaigeuza ile soli ya kushoto.

"Mbona hukusema, Da Biubwa?"

"Na weye mbona hukusema?"

Nje, mtu alipita anauza mbatata. Alimsubiri apite.

"Nitakwambia, kisha unitie katika kundi unalotaka," akasema. "Ningesema, Mwalimu angekutoa. Akikutoa weye, nani atanipokea? Kwa miaka yangu hii, robo nne? Nisingefika hata nusu ya msimu. Niliitaka safari ile, Kazija. Nikajiambia goti la mtoto litavumilia. Kila mechi nakupigia kelele sema, sema, na mimi nshaona na nimenyamaza. Nisamehe."

Msije mkafikiri nilikuwa mwema. Nilikasirika mpaka nikaona kiza. Nilikuwa nimejiweka kuwa mimi ndiye mkosa peke yangu, na hilo lina starehe yake, kumbe hata kosa langu tulikuwa tukilivaa kwa zamu. Nikachukua karatasi yangu nikaondoka. Siku tisa sikupita mtaa ule. Nikaenda kuzunguka kwa kujikongoja, na goti hili.

Siku ya kumi nilichoka. Sina sababu nzuri zaidi. Niliamka nimechoka kumkasirikia, kama unavyochoka kubeba ndoo, unaitua tu.

Nilifika kiwanjani baada ya alasiri. Mvua ilikuwa imepita. Da Biubwa alikuwa amechutama na kipande cha godoro, na kichwani kavaa mmoja wa ile mitandio ya zambarau. Time naye. Wote wamevaa.

"Ingeliwa na mende," akasema Da Biubwa, hakunitazama.

"Shikamoo, Da Biubwa."

"Marahaba, mwanangu." Akakamua godoro ndani ya ndoo. "Wako uko pale ukutani."

Ulikuwa pale, umekunjwa, na pembeni yake vile viatu, magazeti yamejazwa ndani. Nikavaa mtandio. Viatu sikuvigusa. Mmoja wenu ana mguu wa thelathini na tisa, nimeshauona, ndiye atakayevivaa. Nakuomba kitu kimoja, mdogo wangu: baada ya kila mechi zitoe soli za ndani uzitazame, alama zako na za anayekupokea. Ukiona moja imetuna, usifanye hesabu. Sema siku hiyo hiyo.

Mwalimu alipofika akanitazama mguu, akatazama kiwanja, akaanza kupanga pande mbili. "Kazija hakimbii," akasema. "Atasimama pembeni, atie mikono tu. Biubwa..." Akaninyooshea kidole. "Biubwa, nenda kwa Kazija."

Da Biubwa akavua raba zake, akaziweka ukutani karibu na vile viatu. Akaja pekupeku. Na mimi nikavua ndala. Saruji ilikuwa na unyevu na moto kwa pamoja. Akasimama mbele yangu, mgongo wake umenielekea. Misimu minne sikuwahi kuuona mgongo wake ndani ya kiwanja. Nilikuwa nauona uso, anaponikaba.

Wakaanza wao. Da Biubwa akamkaba mwenye mpira, macho mbele. Na mimi nikamuona Time, yule yule, ananyemelea kuja kusimama kushoto kwake, anatabasamu kama mwizi wa embe.

"Kushoto! Da Biubwa, kushoto!"

Sauti ilitoka kubwa mno, ikapasuka katikati. Kunguru waliruka. Da Biubwa akageuka, akampita Time, akaupokonya mpira. Nyuma ya ukuta tukasikia ndoo inatuliwa.

"Nani huyo leo anapiga makelele?" akauliza Bi Mgeni.

"Kazija!" Time akamjibu.

"Wacha urongo!"

Tulicheka wote, isipokuwa Da Biubwa. Alikuwa kasimama na mpira, ananitazama, anapumua kwa mdomo kama mtu aliyepanda ngazi nyingi. Nikanyoosha mikono. Akanipa.